Mzishi Wangu na Ndege Zenu

Nyumba ya Mazishi ya Zastrow na Wanawe,
Mtaa wa Kanisa,
Altheim, Wisconsin.

Kwa Luteni Kanali Denise Kubiak,
Mkuu wa Kikosi cha Ndege za Mafuta,
Jeshi la Akiba la Anga.

Mheshimiwa Kanali,

YAH: KAPTENI KELSEY WOJAHN, AMBAYE NI WANGU SIKU ZA KAZI NA NINGEPENDA AWE WANGU JUMAMOSI PIA

Pokea salamu na heshima zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ndege zako zote zinapaa na kutua bila matata. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa wateja wetu, ambao hali yao unaifahamu.

Mimi ni Duane Zastrow, mwenye nyumba ya mazishi hapa Altheim. Babu yangu aliwazika babu za watu wa hapa, baba yangu akawazika baba zao, nami nawazika waliobaki. Bango letu la nje linasema "na Wanawe". Mwana mwenyewe ndiye mimi, na sina mwingine. Ndiyo maana nilifurahi sana siku nilipomwajiri Kelsey. Amesomea kazi hii, ana leseni, ni binti wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, ana mikono imara na sauti ya chini. Nilijiambia, Duane, sasa umepata mrithi. Kumbe nilikuwa nimepata nusu ya mrithi. Nusu ya pili iko kwenu, inarusha ndege inayozijaza ndege nyingine mafuta zikiwa hukohuko angani, jambo ambalo mtu mwenye akili zake angelifanya chini, injini zikiwa zimezimwa.

Niseme mapema kwamba mimi si adui wa jeshi. Sheria ya nchi inamkataza mwajiri kumfukuza mtu wa akiba kwa sababu ya utumishi wake, na mimi naiheshimu sheria. Isitoshe mlinitumia cheti cha Mwajiri Mzalendo, chenye picha ya tai wa rangi ya dhahabu. Nimekitundika ukumbini karibu na birika la kahawa, na wafiwa wanakisoma wakingoja kahawa ichemke. Lakini Kanali, cheti hakibebi jeneza. Maji yamenifika shingoni, na naomba uniruhusu nitoe donge hili rohoni kwa utaratibu.

1. Jumamosi. Watu wa huku wanafanya kazi wiki nzima, kwa hiyo wanazika Jumamosi. Jumapili ni ya kanisa na ya mpira, na yeyote atakayependekeza mazishi wakati timu yetu inacheza atazikwa yeye kwanza. Inabaki Jumamosi. Nanyi, katika siku zote alizoziumba Mungu, mkaichagua hiyohiyo kuwa ya zoezi lenu. Nilimuuliza Kelsey, "Hao wakubwa wako hawawezi kuruka Jumanne?" Akanijibu, "Bosi, Jumanne sote tuko kazini." Kazini wapi? "Kazini tu. Mmoja ni daktari wa meno, mmoja anauza bima, mwingine anafundisha watoto hesabu." Kanali, nilikuwa nikidhani anga la nchi hii linalindwa na watu wa maana. Nimeshahama kwa daktari wangu wa meno, nisije nikalala kitini mdomo wazi naye ameitwa vitani.

2. Orodha ya ukaguzi. Zamani Norb, dereva wangu wa gari la maiti, alikuwa anaingia garini, anawasha, anaondoka. Norb ameliendesha gari hilo tangu ana nywele. Sasa hathubutu kugusa usukani kabla Kelsey hajalizunguka gari lote akigonga matairi, kisha akasoma kadi kwa sauti na Norb akajibu, kama mnavyofanya kwenye ndege zenu. "Milango ya nyuma?" "Imefungwa." "Taa?" "Zinawaka." "Maua?" "Yapo." "Marehemu?" "Yumo." Nilicheka sana kwa hilo swali la mwisho. Nilicheka hadi asubuhi moja swali lilipoulizwa na jibu likachelewa. Sitasema zaidi, ila hatukuwa tumetoka getini bado, familia haikujua lolote, na Norb alirudi ndani mbio ambazo sikujua kama bado anazo. Hata hivyo ni usumbufu.

3. Kikao cha baada ya kazi. Nimeambiwa kwamba marubani wakishatua huketi pamoja, wakaweka vyeo pembeni, wakaambiana makosa usoni na hakuna anayenuna. Hongereni. Lakini hapa Wisconsin sisi tuna desturi yetu ya kununa na imetulea vizuri. Sasa kila baada ya mazishi tunaketi kwenye chumba cha majeneza ya maonyesho, mimi, Kelsey na Norb, tunaambiana. Norb, mtu niliyemfundisha kufunga tai, alinitazama machoni akasema, "Duane, unatembea mbele ya jeneza kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Na wakati wa sala unaangalia saa." Nikataka kusimama. Akaongeza, "Usikasirike, bwana. Hapa hakuna cheo."

Hilo ningelimeza. Lakini Kelsey akamkaribisha kikaoni Mchungaji Thorsen pia. Kanali, Walutheri ndio nguzo ya nyumba hii. Kelsey akamwambia kwa upole wake wote, "Mchungaji, mahubiri yalikuwa mazuri sana, ila ulimaliza mara tatu kabla ya kumaliza." Mimi nikatazama zulia nikiwaaga Walutheri mmoja mmoja moyoni. Mazishi yaliyofuata, Mchungaji akamaliza mara moja tu. Watu walipigwa na butwaa, hawakujua wasimame au wangoje, na sandwichi za nyama zilikuwa bado hazijatoka kwenye friji ya kanisa. Sasa Wakatoliki wananiuliza kama Kelsey anaweza kuzungumza na padri wao.

4. Majina. Naelewa kwamba marubani hubatizana majina ya utani kutokana na aibu waliyowahi kuipata. Uchafu huo nao umefika kwangu. Norb anaitwa Yumo. Mchungaji anaitwa Amina Tatu, na anaonekana kulipenda. Mimi pia nina jina, maana nikiingia chumbani wananyamaza na Norb anajifanya anakohoa. Naomba umwamuru Kapteni Wojahn, kwa mamlaka ya jeshi, anitajie jina hilo.

5. Mazishi ya Harlan Buechner. Hapa naomba uketi.

Harlan alikuwa mkulima, mtu wa watu, na msafara wake ulikuwa mrefu kuliko wowote niliowahi kuuongoza. Niseme kuliko wowote aliouongoza Kelsey, maana siku hizi gari la mbele ni lake, na kila dereva ana redio ya mkononi. Tulipofika makaburini tukakuta trekta la wachimbaji limenasa kwenye tope kando ya shimo, na hema limelala chini limeloa. Mzishi yeyote angesimamisha magari, akawaomba watu subira, akavua koti akasukuma. Nikasikia sauti ya Kelsey redioni, tulivu kabisa: "Magari yote, hatutui. Tunazunguka. Nifuateni."

Akakata kona, na mji mzima ukakata kona nyuma yake.

Baadaye alinieleza kwamba ndivyo mnavyofundishwa: njia ya kutua ikiwa haijakaa sawa, usilazimishe, paa uzunguke uje upya, wala si aibu. Sawa. Lakini Kanali, nyinyi mnazunguka mawinguni ambako hakuna mtu. Sisi tulizunguka Altheim. Tukapita kiwanda cha jibini, wafanyakazi wakatoka na kofia zao za nailoni. Tukapita shamba la Harlan, ng'ombe wake wakaja kwenye uzio. Tukapita baa ya Skip, ambako Harlan alikuwa anakula samaki wa kukaanga kila Ijumaa, na wanywaji walioketi nje wakavua kofia. Tukafika makaburini. Trekta bado. "Tunazunguka tena."

Mara ya pili watu wa Skip walikuwa wamejipanga barabarani, bilauri juu. Mara ya tatu Skip mwenyewe alikuwa ametoa nje kile kiti kirefu cha Harlan, akakiweka ukingoni mwa barabara na glasi ya brandi juu yake. Mimi nilikuwa ndani ya gari la wafiwa nikiomba ardhi ipasuke inimeze, na ardhi yenyewe ndiyo iliyokuwa inatuchelewesha.

Mjane, Bi Arlene, alikuwa ameketi kando yangu. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuomba radhi. Akanishika mkono akasema, "Duane, maisha yangu yote nimemwambia huyu mwanamume akitoka shamba aje nyumbani moja kwa moja. Ona, hata leo kakataa." Akacheka, kisha akalia, kisha akacheka tena, akataka nimfungulie dirisha ampungie Skip.

Unaweza kusema hapo hapana kosa. Kosa ni hili: sasa kila familia inataka kuzungushwa. Wanaingia ofisini kwangu, wanachagua jeneza, wanachagua nyimbo, halafu wananiuliza, "Na ile mizunguko ya Harlan, yule binti atatufanyia?" Yule binti! Mimi nina suti ya baba yangu na miaka yangu yote ya huzuni ya heshima, na hakuna anayeniuliza chochote isipokuwa choo kiko wapi.

6. Vifo. Sasa nafika kwenye jambo zito, na naomba ulipeleke kwa wakubwa wako. Bi LaVerne Pagel alikuwa mgonjwa mahututi, binti zake wote wamekuja, chakula cha oveni kimeshafika kutoka kwa kila jirani. Ijumaa akanipigia simu mwenyewe. "Duane, yule msichana wako yuko kwenye ndege wikendi hii?" Nikamwambia ndiyo, yuko kwenye zoezi. "Basi nitangoja," akasema, akakata simu. Akangoja! Jumamosi akaomba supu. Jumapili akatazama mpira mpaka mwisho na kumtukana mwamuzi. Jumatatu Kelsey aliporudi, Bi LaVerne akafunga macho kwa amani. Daktari anasema hajui aeleze vipi. Mimi najua. Ni ratiba yako, Kanali.

Na hakuwa peke yake. Majira ya baridi mlipompeleka Kelsey ng'ambo, wazee wa mji huu walishikilia maisha kwa kucha. Alipotua tu wakaanza kunipigia. Sasa tufikiri pamoja kama watu wazima. Kama akiwa kwenu watu hawafi, basi mkimchukua kila wikendi watapungua wafao, na mkimchukua moja kwa moja Altheim nzima itaishi milele, nami nitafunga milango. Jeshi la nchi yangu, bila kupiga risasi hata moja, litakuwa limeua biashara ya mazishi. Sidhani kama bunge liliwapa ruhusa hiyo.

7. Ile safari ya waajiri. Mlitualika mabosi tupande ndege tuone watu wetu wanafanya nini. Nilikubali kwa nia mbaya. Nilitaka nirudi na ushahidi. Mkanipa sandwichi kavu na vizibo vya masikio, mkanilaza kifudifudi mkiani pamoja na mwendesha bomba la mafuta, nikiwa na suti yangu nyeusi kwa sababu sina nyingine. Ndege ya kivita ikaja chini yetu, karibu kiasi kwamba nilimwona rubani wake akinyanyua kichwa. Akanipungia. Nikampungia. Bomba likaingia, mafuta yakashuka, na hakuna aliyepandisha sauti. Kelsey alikuwa anaongea na wenzake kwenye visikizio kwa ile sauti anayoongea nayo na wajane wangu. Mpaka hapo nilikuwa bado nimekasirika vizuri.

Halafu nikapelekwa mbele kumwona. Daktari wa meno, aliyeketi kiti cha pili, alimwambia neno fulani, na Kelsey akacheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, jua limemjaa usoni, mkono mmoja juu ya usukani. Kanali, sijawahi kumwona akicheka hivyo. Kwangu anatabasamu, anatabasamu vizuri, lakini nyumba yangu si ya kuchekea. Nimerudi na wivu ambao mtu wa umri wangu hapaswi kuwa nao, na naona haya kuuandika. Nauandika kwa sababu nataka ujue mnanichukulia nini.

Kwa hayo yote, naomba kwa unyenyekevu mfanye moja kati ya haya yafuatayo:

(a) Mniachie Kelsey. Awe wangu, Jumamosi zote, mpaka nitakapostaafu na yeye kushika funguo. Ndiyo haja yangu hasa.

(b) Ikiwa (a) haiwezekani, muwaandikie maadui wa taifa, kwa lugha ya adabu, wafanye uchokozi wao kati ya Jumanne na Alhamisi, na wasitusumbue kabisa majira ya baridi, ambayo kwetu ni ya kazi nyingi.

(c) Ikiwa maadui watakataa, basi ileteni ndege hapa. Nyuma ya nyumba yangu kuna shamba la maharage, refu, tambarare, na mwenyewe namjua. Kelsey anaweza kuzika asubuhi na kuruka mchana, na mizunguko ya wafiwa aifanye kutoka juu, itaokoa matairi.

Nimalizie kwa kukusalimia wewe na wote wa nyumbani kwako. Nisalimie daktari wa meno, mwuza bima na mwalimu wa hesabu. Nisalimie yule mwendesha bomba aliyenishikia kichwa nilipotapika, na umwambie mfuko wake niliuosha. Norb anasalimu. Mchungaji Thorsen anasalimu, kwa kifupi. Mungu awaweke hewani mnapotaka kuwa hewani, na mkija chini mje taratibu, msitupe kazi.

Mimi, raia mwaminifu anayewazika waaminifu wenzake,

Duane Zastrow
Mwajiri Mzalendo (angalia cheti)

Tanbihi: Kanali, bahasha ilikuwa tayari nami natafuta stempu, Kelsey akaingia akaketi. Norb alikuwepo, anarekebisha bawaba ya mlango. Kelsey akasema, "Bosi, naacha kuruka. Kanali atapata karatasi zangu Jumatatu. Jumamosi zote ni zako." Nikamuuliza nani kamwambia. "Hakuna aliyeniambia. Nikiwa kule nawaza maiti, nikiwa huku nawaza mawingu. Watu wanakaa wakisubiri ratiba yangu ndipo wafe, si haki. Na wewe umechoka, mzee, usibishe."

Nilipaswa kurukaruka. Nimepewa (a) yote nzima, na stempu hata sijailamba. Lakini wakati ule ikapita ndege juu ya paa, moja ya zile za chini zinazotikisa vikombe, labda ni yenu. Norb akanyanyua uso. Mimi nikanyanyua uso. Kelsey akaendelea kutazama zulia. Kanali, nimekaa na wafiwa maisha yangu yote, na ule uso naujua.

Kwa hiyo nakusihi usizipokee karatasi zake. Sema zimepotea, ofisi za serikali hupoteza mambo makubwa zaidi ya hayo. Jumamosi nitashika gari la mbele mimi, na Norb ataniambia nikikosea, maana nimeshashindwa kumzuia. Anayetaka kungoja wikendi ipite ndipo afe, angoje, sitamharakisha mtu. Kelsey akinuna, mwache anune, sisi wa huku tunajua kununa.

Na makao makuu wakikuuliza kwa nini umekataa, waambie mwajiri wake ameandika kulalamika kwamba mnamwachia. Barua unayo mkononi.